Draya ya nguo inatoa harufu ya joto: niendelee kuitumia au niizime? (Arusha)

Mama Dobi Njiro (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Nina dobi ndogo huku Njiro, mashine mbili za kufulia na draya moja ya umeme, ile yenye bomba linalotoa hewa nje kupitia ukutani. Ni ya mtumba, ilitoka Uingereza. Miezi ya jua siiwashi mara nyingi, nguo zinakauka kambani. Ila sasa hivi ni kipupwe, na mnaijua Arusha ya mwezi wa sita na wa saba: Meru haionekani, manyunyu asubuhi, shuka linalala kambani na kuamka bichi, na mteja anataka mzigo wake Ijumaa. Kwa hiyo draya inazunguka kutwa.

Wiki hii imeanza kutoa harufu ya joto. Moshi hakuna. Inaanza baada ya nusu saa hivi, ukisogea karibu unaisikia vizuri, na ukutani nyuma ya mashine pamepata moto. Nguo zinatoka za moto kuliko zamani, lakini mifuko ya jinzi na pindo za taulo bado mbichi. Mzigo uliokuwa unamaliza kwa saa moja sasa unavuka saa moja na nusu. Filta ya mlangoni nasafisha kila mzigo, hilo nina uhakika nalo.

Jana ikaacha kutoa joto kabisa, ikawa inazunguka tu na nguo za baridi. Nikaita fundi, akabonyeza kitufe kidogo cha nyuma, joto likarudi. Akasema hicho kidude kimechoka, akija kesho anaunga waya dairekti bila kukipitia, kisinisumbue tena. Sijamkubalia. Naombeni ushauri kabla hajarudi.

Kijana wa Mianzini

Mama shikamoo. Izime kwanza, chomoa na plagi, subiri wanaojua. Ngoja nimtag fundi wa Sakina, hayo ndiyo mambo yake.

Fundi Sakina

Nimefika. Dada, kwanza hongera kwa kumzuia huyo bwana. Naomba nieleze kwa urefu kwa sababu hili jambo linanikera kila nikilikuta, na nalikuta mara nyingi.

Hita ya draya ya nyumbani ni wati 2,000 hadi 2,500 hivi, nyingine zinapita hapo. Ikishawaka inatoa joto lile lile kila dakika, haijui kama nguo zimekauka au la. Kinachoondoa hilo joto ni hewa tu: feni inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye hita, inaingia kwenye dramu, inabeba mvuke wa nguo, inapita kwenye filta, inatoka nje kwa bomba. Hewa ikipungua, joto linabaki ndani. Hapo kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni themostati ya kazi, inayowasha na kuzima hita kila mara ili joto lisivuke kiwango. Wa pili ni hicho kidude chenye kitufe, kinachokaa kimya miaka yote na kukata pale tu joto linapompita yule wa kwanza. Kwenye mashine nyingine hakina kitufe, ni fyuzi ya joto inayokatika mara moja na kubadilishwa.

Kikikata, maana yake mashine yako ilifika joto ambalo aliyeitengeneza alisema lisifikiwe. Huyo fundi anataka kumfukuza mlinzi aliyepiga kelele, na mwizi yumo ndani.

Sasa angalia dalili zako. Hita ikidhoofika, nguo hutoka za baridi na mbichi. Zako zinatoka za moto na mbichi. Joto lipo tele, ila mvuke hauna pa kutokea, unazunguka humo humo na nguo. Ongeza muda uliorefuka, ongeza kidude kilichokata. Vyote vinasema neno moja: hewa haipiti. Ukisafisha filta ya mlangoni umesafisha sehemu moja tu ya njia ndefu.

Fanya hivi kesho mchana kukiwa na mwanga, mashine ikiwa imechomolewa isipokuwa pale ninapokwambia uiwashe.

Anza na plagi. Ikiwa imetoka tu kufanya kazi, ichomoe uishike. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, au pini moja imebadilika rangi, au soketi ina doa la kahawia, basi una tatizo la pili mbali na la hewa.

Halafu filta. Imwagie maji ya bomba. Maji yakipita moja kwa moja, salama. Yakituama juu ya wavu wake, imeziba kwa mafuta ya kulainishia nguo hata kama kwa macho ni safi. Hasa wanaotumia zile karatasi za kunukisha za kutupia ndani ya draya, zinaacha utando usioonekana. Ioshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki laini, ikauke ndipo uirudishe.

Kisha chomoa bomba nyuma ya mashine, chungulia ndani kwa tochi. Liwe bado limechomolewa, washa draya na nguo chache kwa dakika tano ukiwa umesimama hapo hapo, weka mkono kwenye tundu. Hewa ikitoka kwa nguvu, mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye bomba au ukutani. Ikiwa dhaifu hata bila bomba, ugonjwa uko ndani: manyoya ya nguo yameziba kwenye njia ya feni, au pangaboi la feni limelegea kwenye shafti, dramu inazunguka lakini feni inateleza.

Mwisho, toka nje uangalie pale hewa inapotokea. Nakuomba usiruke hapo.

Bwana Kisongo

Mkuu mbona unamtisha mama wa watu? Yangu iliungwa dairekti mwaka jana, inapiga kazi hadi leo, nguo zinakauka haraka kweli kweli. Hivyo vidude ni vya kuwauzia watu spea.

Fundi Sakina

Mkuu Kisongo, nakuheshimu, ila hili siwezi kuliacha lipite.

Nguo zinakauka haraka kwa sababu hakuna kinachozuia joto tena. Manyoya ya nguo, yale ya kijivu unayoyatoa kwenye filta, chukua kidogo, toka nayo uwanjani, yaguse na kiberiti uone yanavyoshika. Hayo hayo yamejaa ndani ya bodi ya draya, chini ya dramu, pembeni ya kasha la hita. Mwaka mzima yamekuwa yakisubiri.

Huko zinakotengenezwa wameshaumia nazo. Uingereza, Novemba 2015, kampuni ya Whirlpool ilitoa tahadhari kwa draya zilizouzwa kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline, zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, kwa sababu manyoya yaliweza kufika kwenye hita na kushika moto. Ni mashine zaidi ya milioni 5. Agosti 2016 ghorofa la makazi la Shepherd's Court, magharibi mwa London, likaungua, na moto ulianzia kwenye draya ya namna hiyo. Mwaka 2019 ukatolewa uamuzi wa kuzirudisha zile ambazo zilikuwa bado majumbani bila kurekebishwa. Hizo zilikuwa na vidude vyote vya usalama mahali pake. Na Marekani, idara yao ya zimamoto, USFA, katika takwimu za 2008 hadi 2010 ilikadiria moto 2,900 wa draya majumbani kila mwaka, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Moto 2,900 kwenye nchi ambako spea zinapatikana duka la jirani.

Sisi tunapokea mitumba ya Uingereza kwa makontena. Dada, fungua mlango wa draya yako, pembeni kuna kibandiko chenye jina, namba ya modeli na namba ya mashine. Kama ni mojawapo ya majina hayo na ya miaka hiyo, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uingize namba kabla hujaiwasha tena. Na yeyote anayetaka kununua draya ya mtumba, piga picha kibandiko hicho kwanza, pesa baadaye.

Mkuu Kisongo, kidude kama hicho bei yake ni ndogo kuliko mzigo mmoja wa nguo za wateja. Kirudishe. Na kabla hujakirudisha, tafuta kilichokifanya kikate.

Bwana Kisongo

Nimekuelewa. Nitamwita fundi aifungue.

Mama Dobi Njiro (mleta mada)

Fundi ahsante sana, Mungu akubariki. Nimefanya yote asubuhi, nikimshirikisha kijana wangu wa kazi.

Kibandiko: si mojawapo ya majina uliyotaja. Filta: maji yamepita bila shida. Bila bomba hewa inatoka kwa nguvu hadi inapeperusha nguo za kwenye beseni, na harufu ni ndogo mno. Kwa hiyo nikajua ni bomba.

Ndani ya bomba kuna manyoya lakini njia ipo. Sasa nje. Tulipopangisha hiki chumba, pale tundu linapotokea pamefungwa wavu wa mbu, ule wa dirishani, ili panya na mbu wasiingie. Tundu liko juu, nyuma ya tanki la maji, hakuna anayepita huko. Kijana kapanda ngazi. Wavu hauonekani. Kuna gamba la manyoya la kijivu, unene wa kidole, limeshikana kwa unyevu na vumbi jekundu la kiangazi, limefunika tundu lote isipokuwa upenyo mdogo pembeni chini. Kalivua kwa mkono likatoka zima bila kukatika. Nyuma yake maji yalikuwa yamejikusanya kwenye bomba, yakamwagika.

Plagi: pini ya laivu, ile inayoleta umeme, imekuwa nyeusi upande mmoja, na tundu la ekstensheni limelegea. Ndiyo, naitumia na ekstensheni, kwa sababu soketi ya ukutani iko mbali, na pasi ya dobi imechomekwa hapo hapo. Kuna siku nilisikia harufu kama ya samaki pale chini, nikadhani ni mambo ya jirani.

Fundi Sakina

Hiyo harufu ya samaki, wote mnaosoma hapa, ishikeni. Plastiki ngumu ya soketi, plagi na breka ikipata moto kupita kiasi hutoa harufu ya samaki, wengine wanaisikia kama mkojo. Ukiisikia nyumbani na hakuna anayepika samaki, zima swichi kubwa utafute. Harufu ya manyoya yanayoungua ni ya nywele au vumbi. Harufu ya mpira ni mkanda wa dramu unaoteleza, mara nyingi na dramu inasitasita kwa sababu ya mzigo mzito au rola iliyokwama. Harufu kali ya vanishi ni mota inayohangaika. Hita mpya au mashine mpya hutoa harufu kidogo mara za kwanza, ikaisha yenyewe. Na draya inavuta hewa ya chumbani, kwa hiyo ukipaka rangi, ukifungua mafuta ya taa au petroli chumba hicho, inayavuta na kuyapasha. Huo nao ni moto mtarajiwa.

Turudi kwako. Wati 2,500 kwa volti 230 ni karibu ampea 11, saa nzima bila kupumzika. Pasi nayo inakula nyingine 4 hadi 8. Plagi na ekstensheni ya pini tatu za Kiingereza mwisho wake ni 13 kwa pamoja. Ulikuwa umepita mwisho, na pini iliyolegea ikamalizia. Usiibane kwa koleo, usiifunge kwa utepe. Itupe ekstensheni, badilisha plagi, kata waya hadi ufike shaba inayong'aa. Kisha mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuvutie soketi ya peke yake hadi pale draya ilipo, waya wa milimita za mraba 2.5, breka yake, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Ethi kwenye dobi si pambo. Hita ikikatika ikagusa bodi, na sakafu yako ina maji muda wote, asiye na ethi ataijua kwa mkono.

Kuhusu wavu: toa kabisa. Ndiyo kosa la kawaida kuliko yote mji huu, mafundi ujenzi wanauweka kwa nia njema. Matundu yake ni madogo, manyoya yenye unyevu yananasa, na yakishanasa ya kwanza mengine yanafuata. Weka kifuniko cha kubembea kinachofunguliwa na upepo wa draya na kujifunga ikizimwa. Panya hapiti na manyoya hayanasi. Kama hakipatikani dukani, fundi bati anakukatia, mwambie kiwe chepesi.

Bomba liwe la bati au alumini, kipenyo cha milimita 100, fupi uwezavyo na lenye kona chache. Kila kona ya digrii 90 inazuia hewa sawa na mita moja na nusu ya bomba lililonyooka. Lisipite chini halafu juu, pale panapolala ndipo maji yalipokaa. Na usifunge maungio kwa skrubu zinazochomoza ndani, zinanasa manyoya.

Jambo jingine la kwetu, watu hawalifikirii. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Peke yake halidhuru, themostati inalimudu. Lakini ukichanganya na bomba refu na wavu nje, mashine ya Arusha inafika kwenye hatari mapema kuliko ya Tanga.

Meneja Gia Moshi

Nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi. Mimi niko Moshi, Soweto, tunakodisha vifaa vya wapanda mlima. Wageni wakishuka Kilimanjaro tunapokea mifuko ya kulalia, makoti ya manyoya ya bata, flisi, suruali za mvua, na mfuko lazima uwe mkavu kabla kundi jingine halijaondoka kwenda Marangu au Machame. Yangu inanukia joto nikiweka flisi tu. Ni bomba pia?

Fundi Sakina

Flisi inatoa manyoya kuliko nguo yoyote, ukiweka mzigo mzima wa flisi filta inaweza kujaa kabla ya nusu ya muda. Simamisha katikati, safisha, endelea. Na zikung'uteni nje kabla ya kufua. Lile vumbi la mlimani ni laini sana, lisipotoka kwenye kufua linaishia kwenye filta pamoja na manyoya, na mchanganyiko huo unaziba mara moja.

Nailoni na flisi ni plastiki, zinataka joto la chini kabisa. Mifuko ya manyoya ya bata vile vile joto la chini, muda mrefu, na mipira ya tenisi miwili mitatu ndani ili ipige mabonge yafunguke. Ikiwa bonge limebaki katikati, mfuko bado mbichi hata kama nje umekauka. Chochote chenye sponji au mpira, yaani magodoro ya kulalia, viatu, vitambaa vyenye mgongo wa mpira, kisiingie hata kwa dakika moja. Vitabu vyote vya mashine hizi vimekataza.

Dada wa Usa

Naomba nichangie kitu ambacho sijaona kikitajwa. Nasimamia usafi kwenye loji huku Usa River. Kuna taulo za masaji na vitambaa vya jikoni. Hivi vinanukia joto hata BAADA ya kutoka kwenye draya, vikiwa vimekunjwa kwenye kapu. Sisi kwetu ni sheria: taulo la mafuta halikunjwi la moto.

Fundi Sakina

Dada Usa, ahsante, hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mafuta ya mimea, na alizeti ni mojawapo ya yaliyo mstari wa mbele, yakipata hewa yanajibadilisha polepole na kutoa joto lake yenyewe. Kitambaa kikiwa kimetandazwa joto hilo linapotea. Kikitoka kwenye draya tayari ni cha moto, kikakunjwa na kurundikwa na vingine hamsini, joto la katikati halina njia. Linapanda saa baada ya saa, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku bila cheche, bila umeme, kila mtu amelala. Kufua kwa kawaida hakutoi mafuta yote.

Kwa hiyo: maji ya moto na sabuni nyingi, rudia kama kitambaa bado kinanuka mafuta. Kikiendelea kunuka, kikauke juani, au kiwe kitambaa cha kufutia gereji. Acha draya imalize dakika zake za mwisho za kupoza, zile inazozunguka bila joto, ziko pale kwa kazi hiyo. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya mzigo msiache nguo zimelala ndani. Toeni haraka mtandaze. Kwa mji wetu hilo linatokea.

Mzee wa Tengeru

Fundi, nina draya ya Kimarekani, kubwa, niliachiwa na wageni waliorudi kwao. Naitumia kwa transfoma. Inanguruma, inanukia joto, nguo zinachelewa.

Fundi Sakina

Shikamoo mzee wangu. Transfoma inashusha volti, lakini haibadilishi masafa. Umeme wetu ni hezi 50, wao 60. Mota yake hapa inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, na feni iko kwenye mota hiyo hiyo. Hewa imepungua kabla hata hujaweka nguo, na mota yenyewe inapata moto zaidi. Juu ya hayo, zile za umeme nyingi zimetengenezwa hita itumie volti 240 na mota 120 ndani ya mashine moja, zinataka waya ambazo nyumba zetu hazina. Ningekuwa wewe ningeiuza kwa spea. Sikushauri uendelee nayo.

Msomaji Kaloleni

Na hizi mpya zinazofua na kukausha humo humo? Yangu ikifika kukausha inanuka mpira.

Fundi Sakina

Soma kibandiko cha mbele. 9/6 maana yake kilo 9 za kufua, kilo 6 za kukausha. Ukifua 9 ukaziacha zote zikaushwe, hewa haina nafasi ya kupita kati ya nguo. Toa theluthi moja. Na nyingi za aina hiyo zinatumia maji baridi ya bomba kupoza mvuke wakati wa kukausha, kwa hiyo maji yakikatika au umefunga koki baada ya kufua, joto linabaki ndani na mpira wa mlangoni ndio unaonuka. Acha koki wazi hadi imalize.

Pia angalia volti. Jioni ikishuka hadi 190, hita ya wati 2,500 inatoa 1,700 tu, nguo zinachelewa, na mota inavuta umeme mwingi kujitahidi kuzunguka. Ikiwa taa zinafifia, subiri.

Kijana wa Mianzini

Na ikitokea imeshika kweli, mtu afanyeje?

Fundi Sakina

Usifungue mlango wa draya. Ukifungua unaupa hewa, na moto uliokuwa kwenye dramu unatoka nao usoni kwako. Zima kwenye swichi kubwa, toa watu, funga mlango wa chumba, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Maji usimwage kwenye mashine ambayo bado ina umeme. Mtungi wa poda uwe karibu na mlango wa kutokea, usiutundike nyuma ya draya.

Mama Dobi Njiro (mleta mada)

Narudi na mrejesho. Wavu umetoka, fundi bati wa hapa Njiro kanitengenezea kifuniko chepesi, nikiwasha draya nakiona kinanyanyuka. Bomba limefupishwa, kona moja imeondoka. Fundi umeme kavuta waya mpya na soketi ya draya peke yake, pasi imehamia ukuta mwingine. Yule fundi wa kwanza nilimwita tena, nikamsomesha uzi huu kwenye simu. Hakubishana. Alifungua mgongo wa mashine, akatoa manyoya chini ya dramu na kuzunguka kasha la hita kwa brashi na vakyumu, mfuko mzima ukajaa. Kile kidude kimebaki mahali pake.

Taulo zimekauka ndani ya saa moja, ukuta wa nyuma hauna moto, harufu hakuna. Swali la mwisho fundi wangu: kwa kazi ya dobi, huko ndani pafunguliwe baada ya muda gani?

Fundi Sakina

Kwa mashine inayozunguka kutwa, kila baada ya miezi mitatu, na lazima kabla ya masika na kabla ya kipupwe. Nje kwenye kifuniko, kijana apande ngazi kila mwezi. Na nguo zikamuliwe kwa mashine kwa mzunguko wa juu kabla hazijaingia: kila lita ya maji unayoiacha kwenye nguo inakula karibu uniti 0.7 za umeme wa LUKU kuivukiza. Zilizokamuliwa kwa mkono zirudishe kwenye mashine zikamuliwe upya.

Muda wa mzigo uandike ukutani. Taulo ni saa moja leo. Siku zikifika saa moja na robo, usisubiri harufu, panda ngazi.